Papa, Ulimzika Mama Kwenye Moto wa Desemba

Papa wangu,

Saa kumi jioni, na nje giza limeshaingia. Chini ya dirisha langu hapa Stratford majirani wanapita na taa zao za karatasi kwenda bustanini, kuusherehekea usiku ulio mrefu kuliko yote ya mwaka. Wamenigongea mlango nami nimewaambia nina mafua. Nimekaa kukuandikia wewe, kwa kuwa huko ulipo huwezi tena kunikatiza.

Nianze na wema wako, maana ulikuwa nao. Baridi yetu ya kwanza London ulitupachikia magazeti ndani ya viatu ili miguu isigande. Ulirudi alfajiri kutoka kusafisha maofisi ya watu, na kabla ya kulala ulitupigia pasi sare za shule. Mapendo alipokuuliza, "Mama anakuja lini?" ulimwambia, "Karibuni, mwanangu." Alikuwa na miaka sita, mimi kumi na mmoja, na tulikuamini wote wawili.

Siku vita vilipoingia Bukavu, Mama alikuwa amekwenda mtaa wa Kadutu kumchukua mama yake. Ukasema tutangulie, atatufuata. Ulimbeba Mapendo mgongoni kwa kitenge cha Mama, kile cha buluu chenye ndege, na hicho ndicho pekee cha Mama kilichofika nasi Uingereza. Mapendo alikilalia kila usiku. Alisema bado kina harufu ya Mama, ingawa mimi nilisikia sabuni tu.

Ni Margaret, yule mama mzungu wa ghorofa ya chini, aliyetualika kwenye sherehe mwaka ule wa tisini na nane. Alitueleza jinsi inavyokwenda: kila nyumba inatengeneza taa, mnaandamana hadi bustanini, mnakunywa supu, halafu mnauzunguka moto na kila mtu anatupa kitu anachotaka kukiacha na mwaka unaoisha. Ulipenda sana maneno hayo. Ulimwomba ayarudie.

Ulitutengenezea taa ya samaki kwa waya za hanga na karatasi nyeupe. Ulimpandisha Mapendo mabegani, naye akamshika samaki juu ya vichwa vya watu wote. Watu walipiga ngoma na masufuria. Nilikutazama nikaona unacheka, nikafikiri, hapa tutaweza kuishi.

Kwenye moto, mwanamume mmoja akatupa pakiti yake ya sigara, watu wakamshangilia. Kijana mmoja akatupa gongo alilotembelea alipovunjika mguu. Zamu yako ilipofika ulimshusha Mapendo, ukafungua koti, ukatoa kitenge.

"Papa, hicho ni cha Mama," Mapendo akasema.

"Mama amekufa," ukamjibu, kwa sauti ile ile unayotumia kusema chakula tayari. "Nimepata habari. Tusimngoje tena."

Ukakitupa. Mapendo akaukimbilia moto. Ukamdaka kwa kofia ya koti lake, akabaki ananing'inia hapo akipiga mateke hewani na kupiga kelele. Watu wakauliza kuna nini. Kwa Kiingereza chako kipya ukawaeleza kwamba mke wako amefariki Kongo na kwamba leo unamuaga. Margaret akalia, akakukumbatia. Mtu akakuletea supu. Halafu mzee mmoja akaanza wimbo, na watu wote wa mtaa wakakuimbia wewe, Papa, wewe uliyesimama umeinamisha kichwa. Mkono mmoja ulishika kikombe, mwingine ulikaba kofia ya mwanao. Ukamwinamia sikioni. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Nyamaza. Watu wanatazama."

Pasaka iliyofuata ulimuoa Odette wa kwaya, tuliyemwita Tantine, yaani shangazi. Mchungaji alisifu jinsi ulivyoubeba msiba wako. Mimi nilivaa gauni la njano nikashika maua. Mapendo hakuimba, wala hakusema neno la Kiswahili. Tangu ule moto alikuwa akikujibu kwa Kiingereza tu, hata kwa "ndiyo" na "hapana". Ulicheka ukawaambia wageni, "Huyu wangu ameshakuwa Mzungu!" Uliona fahari. Mimi nilijua anakuadhibu, lakini lugha haijui ni nani anayeadhibiwa. Miaka ikapita, Kiswahili kikamtoka kabisa.

Sasa nifike Wembley. Ilikuwa mwaka elfu mbili na sita, Jumamosi, nimekwenda duka la Wakongomani kununua ndagala, wale dagaa wakavu, na unga wa muhogo. Mwanamke mmoja mgeni alinitazama mpaka nikaona haya.

"Wewe si mtoto wa Mama Faida wa Kadutu?" akauliza.

"Ndiye mimi Faida. Mama alishafariki."

Akaweka kikapu chini. "Amefariki lini? Mwezi wa sita nimemwacha kambini Kigoma, mzima. Anashona."

Nilimwambia amekosea mtu. Akanitajia kovu la Mama kwenye kidevu. Akanitajia jinsi anavyocheka huku amefunika mdomo. Nikamwambia Papa ndiye aliyetuambia amekufa.

"Baba yako anajua," akasema. "Mwaka wa tisini na nane, Noeli ikikaribia, walipatana kwa simu ya misheni. Mama yako alirudi anacheza, anatuambia watoto wangu wazima, wako London. Baadaye akasema mumewe amemsihi asiwavuruge watoto, awape muda. Kisha namba ile ikawa haipatikani."

Desemba ile ile, Papa. Ulizungumza naye, ukasikia sauti yake, na siku chache baadaye ukabeba kitenge chake ndani ya koti.

Nilikukuta mezani unakula sombe la majani ya muhogo na Odette. Nilisema, "Mama yuko Kigoma." Hukuuliza nimejuaje. Ulimeza kwanza.

"Mtoto anayengoja hasomi," ukasema. "Nilifanya hivyo msome. Na mmesoma."

Odette ndiye aliyeweka kijiko chini. "Uliniapia mbele ya madhabahu kwamba mkeo amekufa," akasema. Ukamwambia akae, akavaa koti lake la kazini akatoka, na hakurudi hata kuchukua nguo. Wewe ukamalizia chakula chako. Hilo nimelisimulia mara nyingi na bado watu hawaniamini.

Miaka miwili baadaye nilimpeleka Mapendo Kigoma. Mama alitungoja kwenye geti la kambi, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Alimshika Mapendo uso kwa mikono miwili, akaongea mfululizo, miaka yote kwa pumzi moja. Mapendo akanigeukia, machozi yanamtiririka, akaniuliza kwa Kiingereza, "Anasema nini?"

Nilimkalimania mtoto wa tumbo moja nami maneno ya mama yetu. Mama alipoelewa kinachotokea aliacha kuongea. Akabaki anampapasa nywele tu. Ukitaka kujua nakuchukia tangu lini, si tangu ule moto. Ni tangu dakika ile.

Ulipougua hukuwa na mwingine, kwa hiyo nilikuja hospitali. Nilikulisha uji. Ukaniomba nimpigie Mama, umwombe msamaha, na nilimpigia kwa sababu uliomba kwa adabu.

"Papa anataka kusema nawe," nikamwambia.

Mama akaniuliza, "Ana maumivu?"

"Ndiyo."

"Makali?"

"Makali sana, Mama."

"Basi sawa," akasema, akakata simu.

Ulikuwa unanitazama mdomo. "Amesemaje?"

Ningeweza kukudanganya. Nilikuwa nimefundwa na fundi. "Amekukatia simu," nikasema. Ukageukia ukutani. Nikakusawazishia shuka nikaenda kuwahi basi, na ulipokufa kesho yake nilikuwa kazini.

Watu wa kanisa wananiuliza jiwe la kaburi litawekwa lini. Nawajibu halitawekwa.

Mapendo anajifunza Kiswahili, Papa, kwa mwalimu, kama mgeni. Wiki iliyopita alimpigia Mama, na kwa mara ya kwanza sikushika simu katikati yao. Akamuuliza polepole, akiyapanga maneno kama mtu anayepanga vikombe, "Mama, leo umekula nini?" Mama akamwambia amekula mihogo na maharage. Mapendo akataka kujua mihogo ilipikwaje. Wakazungumza mihogo mpaka salio likaisha.

Hawakukutaja.

Binti yako mkubwa,
Faida