Mkwe Hataki Ng'ombe, Kaka Kanunua Farasi Nusu Mwarabu

Shikamoo mama Febronia wa redioni, hapa ninapokuandikia kamba ya farasi nimeifunga mguuni kwangu maana kigingi ameshaking'oa, naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa. Mimi ni kijana wa Namawala, sisi Wasukuma, tuna ng'ombe, nampenda Agnella binti wa mzee Agapiti, wao Wapogoro, wanalima mpunga. Baba yetu alishafariki kwa hiyo kaka yangu Seni ndiye aliyeenda kuposa, mzee akamjibu, "Binti nitatoa, ila ng'ombe wenu wasikanyage kwangu, walishanimalizia mpunga." Mimi nilikuwa nje nimeshika baiskeli, nikaelewa mzee anasikitikia shamba lake, lakini kaka akaelewa anataka mnyama mwingine, maana kaka hajawahi kuona mahari isiyokuwa na miguu minne.

Basi tukaenda Mkula kwa jamaa wawili wanaouza farasi, mmoja anaitwa Anselim, wakasema huyu ni nusu Mwarabu, baba yake farasi wa Kiarabu kamili. Kaka akauliza, "Nusu ipi?" Anselim akasema, "Ya mbele, mzee. Cheki kichwa hicho." Kaka akaangalia kichwa. Mimi nikaangalia nyuma nikaona mifupa, nikasikia anakohoa, na kila nikisogea Anselim anakuja kusimama mbele yangu, lakini sikusema kitu, kaka akiongea mimi nanyamaza, ndivyo tulivyo, tukawaachia ng'ombe watatu.

Tulipomfikisha, mzee Agapiti akamzunguka, akauliza, "Analima?" Kaka akasema hapana baba, huyu wa kupanda.

"Nipande niende wapi?"

Kaka akampapasa farasi shingo. Mzee akasema, "Nilisema sitaki ng'ombe. Sikusema niletee punda wa harusi," akaingia ndani. Hakukataa, hakupokea. Kaka anasema mahari imeshafika kwa hiyo farasi ni wa mzee, mzee anasema hajapokea kwa hiyo ni wetu, kaka karudi zake nyumbani, mimi ndiye niliyeachwa hapa mpakani mwa shamba la mzee namlinda farasi, watoto wakitoka shule wananiita Mwarabu. Jana Agnella kaniletea maji, akasema, "Baba anauliza kama una mdomo. Na mimi nauliza." Nikacheka tu, akaondoka na ndoo yake.

Mama, nimrudishe huyu farasi au nimsubiri mzee? Inabidi niondoke sasa hivi, kamba imekatika na farasi kaingia kwenye mpunga wa mzee, naona masikio tu.

Wiliam, Namawala

*

Marahaba Wiliam. Natumaini umemkamata.

Pole mwanangu, kulinda mnyama asiye na mwenyewe ni kazi ya kumtia mtu wazimu. Lakini umenichosha. Mifupa uliiona, ukanyamaza. Maneno ya mzee uliyaelewa vizuri kuliko kaka yako, ukanyamaza. Halafu unaniandikia mimi wa redioni, nisiyekujua hata sura, na mwenye majibu yuko hapo ng'ambo ya tuta. Seni ana makosa yake, sawa, ila asingenunua kikohozi kama ungemvuta pembeni ukamnong'oneza. Kumheshimu mkubwa si kumwacha aibiwe.

Mwite bwana mifugo leo. Bonde lenu lina mbung'o, na farasi hawezi kuwastahimili. Mrudisheni farasi Mkula, na atakachokiona bwana mifugo kamwambieni Anselim mbele ya mwenyekiti wa kijiji chake, mdai ng'ombe wenu. Akirudisha wawili, chukueni mwondoke. Huyo farasi msimuuzie jirani.

Kwa mzee uende wewe, kesho asubuhi, bila Seni. Mpe shikamoo, mwambie, "Mnyama wetu amekula mpunga wako, nionyeshe pa kupandikiza upya." Ukitetemeka, tetemeka, lakini sema. Mahari usiitaje, ataianza mwenyewe, kwa sababu baba asiyekutaka hahangaiki kuuliza kama una mdomo. Huyo mzee anataka kumjua anayemchukua binti yake, na mpaka leo ameletewa Seni na farasi. Nenda akuone.