Swali la Tuku

Krishnanagar, 4 Juni 1987

Mdogo wangu Nirupam,

Hujambo huko Kolkata? Kikohozi kimepoa? Mimi mzima, ila nyumba imekuwa kubwa tangu binti yangu Tuku afariki.

Nakutumia hadithi kwa toleo la sikukuu ya Puja la gazeti lako la watoto. Ni habari za mwanasayansi Jagadish Bose na chombo chake cha kupima mmea unavyokua. Nimemtia Tuku humo, anamtembelea na kumuuliza maswali. Unakumbuka mama yetu alivyomkataza kugusa mimea jua likizama, kwa kuwa imelala? Tuku akakiinamia kifauongo, majani yakajikunja, akasema: "Samahani. Ukiamshwa, unanuna?" Hadithi yote imesimama hapo.

Dada yako

Kolkata, 19 Juni

Dada,

Naigusa miguu yako kwa heshima. Kikohozi bado kipo, kama mgeni asiyeaga.

Hadithi ni tamu. Lakini wazazi wa siku hizi wanataka mwaka, jina, chombo, vitu vya mtihani. Wataniuliza, "Huyu Tuku ni nani?" Nimwondoe?

Mdogo wako

Krishnanagar, 25 Juni

Nirupam,

Nakuombea afya. Usimwondoe. Na huyo Bose ni nani kwa mtoto wa miaka saba? Mzee wa miwani kwenye picha ya ukutani. Mtoto humwendea akishikwa mkono na mtoto mwenzake. Nimefundisha darasa la pili miaka ishirini na sita, najua wanaposinzia.

Kama humtaki Tuku, nirudishie karatasi zangu.

Dada yako

Krishnanagar, 14 Septemba

Nirupam,

Leo sikuulizi kikohozi. Barua yangu hukuijibu, na sasa toleo limefika. Tuku hayumo. Tena swali lake umelitia kinywani mwa Bose! Ukurasa wa 41, mtu mzima na heshima zake anakiuliza kifauongo kama kinanuna. Hakusema hivyo. Umewadanganya watoto juu yake, na binti yangu umemnyang'anya maneno. Hakuacha mengi, alikuwa na miaka minane. Maswali mengine yote niliyabuni. Hilo sikulibuni.

Malobika

Kolkata, 3 Oktoba

Dada,

Jana Puja imekwisha, tumemsindikiza mungu wetu Durga mtoni. Leo, kwa desturi, mdogo lazima amwandikie mkubwa wake, hata kama mkubwa ametia sahihi ya jina tupu. Naigusa miguu yako.

Niliona swali zuri vile lisipotee, nikampa mwenye jina kubwa. Juzi binti yangu Rinki kasoma, akaniuliza: "Baba, mbona huyu mzee anaongea kama Tuku?" Nikachukua kalamu.

Toleo limeshauzwa. Hii itatoka Novemba, ukurasa wa kwanza. Isome kabla haijachapwa:

"MASAHIHISHO. Toleo la Puja, uk. 41. Swali 'Ukiamshwa, unanuna?' halikuulizwa na mwanasayansi. Liliulizwa na Tuku, miaka minane, wa Krishnanagar. Mwenye jibu atuandikie."

Kama kuna kosa, niambie.

Mdogo wako

Krishnanagar, 7 Oktoba

Nirupam,

Baraka kwako na kwa Rinki. Hakuna kosa.

Kikohozi je?

Dada yako