Masikio ya Kapitula Ndani ya Ndege

Kadutu, Jumapili, nyuma ya misa ya pili

Yaya wangu Mubake,

Nakusalimu kwanza wewe, kaka yangu mukubwa, kisha Mama, kisha wote wanaolala chini ya paa lako. Mama anaendelea aje na ile miguu? Dawa niliyomutumia anakunywa kweli, ao anaificha chini ya mukeka kama kawaida yake? Mwambie Mungu hadanganywi, na mimi pia sidanganywi. Na wewe, mugongo umepunguza kukusumbua? Huku kwetu tuko tu, kwa neema. Mvua imekula ngazi ya udongo ya kushukia barabarani, sasa tunateremuka tukishikana nguo kama watoto wa shule. Kazi yangu ya kufagia kanisa na kufua nguo za mapadri inaendelea, nashukuru.

Najua unasoma haya ukitafuta jina la mbwa wako. Haya, nimefika.

Kile kidonda cha muguu alichopata kwa nguruwe wa pori, ulichomutuma huku atibiwe, kimepona, tumusifu Mungu. Dokta wa wanyama alimushona vizuri, na manyoya yameanza kuota juu ya kovu. Anakimbia, ameiba samaki wa jirani, ni mbwa muzima. Ule weupe wa miguu ya nyuma, kama suruali fupi, ile kapitula uliyomupatia nayo jina, watu wa hapa waliupenda sana. Kuhusu muguu usiwe na wasiwasi hata kidogo. Ni masikio, yaya.

Siku alipofika nilimuita kwa jina, hakugeuka. Nikasema labda amenikasirikia, ao mbwa wa pori hajui sauti ya mutu wa mujini. Kesho yake kifuniko cha sufuria kilinianguka juu ya sementi, nyuma yake kabisa. Mimi mwenyewe niliruka. Yeye alikuwa amelala, akaendelea kulala.

Nikamupeleka tena kwa dokta. Akaniuliza:

“Huyu alikuja na nini?”

“Na ndege, dokta.”

“Ndani ya ndege alikaa wapi?”

Nikamujibu na furaha, kwa sababu yule mufanyabiashara aliyemuleta alikuwa amenisimulia yote: namna ulimuombea nafasi ya mbele kabisa, nyuma ya kiti cha rubani, ukisema mbwa aliyelisha nyumba nzima hawezi kufungwa nyuma pamoja na magunia. Dokta akashika kichwa.

“Maman, na kale kandege kenu, motere yake iko wapi?”

“Puani.”

“Ndiyo hivyo. Mulimupatia kiti cha heshima karibu na motere.”

Usijilaumu, nakuomba. Kwetu mbwa wa kuwinda anakatiwa nyama yake mbele ya watoto, na hakuna anayenung’unika. Hata mimi ningemuweka mbele. Nani alitufundisha mambo ya ndege? Dokta alinieleza kwamba mbwa anasikia hata sauti ambazo sisi hatuzisikii. Ile kelele inayotufanya tupige makelele ili kuongea na mutu wa pembeni, kwake ni kama kupigwa nyundo safari nzima. Rubani anavaa kaske juu ya masikio yake. Kapitula hakuvaa kitu.

Kisha Mungu akatuhurumia kidogo. Sikio la kuume lilianza kurudi. Nikipiga makofi upande ule, anageuka. La kushoto, hakuna. Lakini dokta alinena wazi: “Safari ingine kama ile, na hili moja litaenda.”

Utasema, basi kwa nini hukubaki naye? Yaya, nilifikiri sana. Mwenye kiwanja hataki mbwa, alinivumilia kwa sababu ya kidonda tu. Lakini si huyo aliyenishinda. Ni ujumbe wako, kwamba porini unarudi mikono mitupu na Mama anakula majani matupu. Na Kapitula mwenyewe alikuwa anashinda mulangoni, pua kwenye ukuta, chakula mbele yake anakiangalia tu.

Nikatafuta njia ya chini. Nikamuuliza mutu wa moto, ile pikipiki, anayebeba watu barabara ya Kamituga. Akacheka, lakini si kwa ubaya. “Maman Sifa, mupaka Kamituga nitamubeba ndani ya kikapu, hapana shida. Kupita pale, utamubeba wewe, na utakuwa unasali.” Matope, na wale watu wa bunduki katikati ya njia, unawajua kuliko mimi. Ikabaki ndege.

Basi dokta akanionyesha namna ya kumukinga. Pamba kidogo kwenye mulango wa sikio, bila kuisukuma ndani. Juu yake kitu kinene cha kuzuia sauti. Juu ya yote kitambaa cha kukaza. Avizoee polepole, kila mara anapovaa apewe kitu kitamu. Akae nyuma, mbali na motere, juu ya blanketi, kwa maana hata chuma ya chini inatetemeka. Na ndege ikianza kushuka atafune kitu, masikio yafunguke.

Kaske ya mutu tuliijaribu, haikushika. Unajua masikio yake yanavyosimama kama majani. Sasa hapa, yaya, mupe shemeji asome, wewe ruka kidogo. Shemeji, nilikata sutie yangu ya zamani, ile nguo ya ndani ya kifua, nikachukua vile vikombe vyake viwili, nikavijaza sponji ya godoro, nikavishona kwenye kitambaa cha sufu. Kila sikio na kikombe chake. Vilimukaa sawa kabisa, kama vilizaliwa naye. Jirani yangu Maman Furaha alipotokea akaanguka chini kwa kicheko.

“Sifa! Mbwa yako inaenda kuolewa kwenu Shabunda?”

“Inaenda kuokoa masikio yake.”

“Basi umuvalishe na ile ya chini, asifike kwa wakwe nusu uchi!”

Tulicheka mupaka machozi. Kapitula alisimama katikati yetu na mavazi yake, anatuangalia na uzito kama padri. Siku za kwanza alikuwa anaviondoa mara moja. Nikamupa kasambaza kamoja, kale kasamaki kadogo ka ziwa, kila alipovumilia, akavumilia. Mwishoni alikuwa analala navyo. Nikasema, Bwana, umesikia.

Siku ya safari tuliamukia Kavumu, kwenye uwanja wa ndege. Masera mumoja, mutawa wa misheni yenu, alikuwa anarudi, alikubali kumusindikiza na kumukabizi kwako. Nilimupa sambaza ndani ya karatasi, nikamufundisha yote. Wapakizi walikubali mbwa akae nyuma, na nilitandika blanketi kwa mikono yangu.

Kisha makatoni yakaja. Dawa na serumu za hospitali yenu, zilichelewa barabarani, zikafika wakati motere ilikuwa karibu kuwaka. Wakazipanga nyuma, wakapanga, wakapanga, mupaka blanketi halikuonekana tena. Rubani akazunguka ndege, akaangalia, akasema, “Mbwa mbele.”

Nikamukimbilia. “Papa, nakuomba, mbele kuna motere. Huyu amebaki na sikio moja.”

“Maman, mbele kila mutu anasikia motere.”

“Yeye anasikia kupita sisi. Dokta alisema hivyo. Muweke hata juu ya makatoni.”

Hakuwa mutu mubaya, yaya. Aliinama, akamugusa Kapitula kichwani, akaangalia kazi yangu ya kushona na hakucheka. Akasema polepole, “Nyuma ni uzito uliojaa. Nikiongeza hata mbwa, mukia utashuka, na hapo hakuna mutu ndani ya hii ndege atakayesikia kitu tena. Unanielewa, Maman?”

Nilimuelewa. Ningesema nini? Washushe serumu ya wagonjwa kwa ajili ya mbwa? Hata kulifikiri niliona haya mbele ya masera. Wakamufunga mbele, palepale, nyuma ya kiti cha rubani. Nilikaza kitambaa, nikavua kilemba changu, nikakizungusha juu ya vyote. Aliniramba mukono. Masera alikaa mwisho kabisa, makatoni katikati yao, karatasi ya sambaza juu ya magoti yake. Asingeweza kumufikia. Yeye alijua, na mimi nilijua.

Mulango ukafungwa. Kwenye kidirisha nilimuona. Motere ilipowaka, niliona muguu wake wa mbele ukipanda kichwani. Akakwaruza. Akakwaruza tena. Nilipiga kelele, “Acha, Kapitula, acha!” Ni upumbavu gani, yaya? Nilikuwa nimeyaziba masikio yake mimi mwenyewe. Nikaanza Salamu Maria, na kwa ile kelele sikusikia hata sauti yangu. Wakaenda. Sijui kama kitambaa kilibaki ao kilitoka kabla hawajapita mulima wa kwanza.

Tangu siku ile sina habari. Simu ya masera haipiti, na kijijini kwenu munajua wenyewe. Nafagia kanisa, nafika mbele ya altare, nasimama na fagio mukononi, nashindwa niombe nini, kwa sababu jambo lenyewe limekwisha pita, zuri ao baya. Naomba tu hivyohivyo. Katekista wenu aliyekuja kwa mafungo atapanda ndege inayofuata, nitamupa barua hii. Wakati unaisoma, wewe unajua tayari kitu ambacho mimi sijui.

Kama hujamupeleka porini, usimupeleke kwanza. Mujaribu nyumbani. Usisimame mbele yake, anasoma uso na mikono, atakudanganya. Simama nyuma, upande wa kuume, vunja kajiti kadogo, uone kama atageuka. Mbwa wetu hawabweki, na kinachomurudisha yeye ni filimbi yako tu. Asipoisikia atakwenda mbele, atakwenda, akidhani uko nyuma yake.

Najua pia namna wazee wanasema juu ya mbwa asiyefanya kazi, na namna anavyoondolewa. Wewe ni mukubwa wangu, siwezi kukuamuru. Nakuomba tu.

Nisalimie shemeji Bitondo, mwambie asiionyeshe ile sehemu ya vikombe kwa watu wa kwaya. Nisalimie mutoto wetu Wabiwa, mwalimu, kaleso kake ka sufu nimekamaliza, katekista anako. Nisalimie baba mudogo Kisubi, fundi wa nyavu, na muke wake aliyenilea. Mama mumushikie mikono miwili, mumwambie ni ya kwangu.

Hapa chini nilikuwa nimeandika: kama hasikii, umurudishe kwangu, nitamutunza mupaka mwisho wake. Kisha nikakumbuka kwamba njia ya kumurudisha ni ileile ndege. Nimefuta, utaona mahali karatasi imechakaa. Basi umuweke karibu na jiko, upande Mama anapokaa. Na ukipita, umuguse, ajue kuna mutu.

Mungu awe karibu yenu, pale mimi siwezi kufika.

Dada yako,
Sifa