Wodi Mahali Chai Yako Ilikuwa

Boito, Konoin

Kwa ndugu yangu Kipyegon,

Chamgei. Simu zangu hushiki, kwa hivyo nakuandikia. Sisi tuko sawa, ng'ombe mweusi amezaa, na mvua imenyesha mpaka majani yanatushinda kuchuma.

Unakumbuka vile kliniki ilianza: nesi alikuwa anakuja kwa kituo cha kuuzia majani chai, na watoto wanapimwa kwa mzani ule ule wa majani. Hata wewe ulining'inizwa hapo ndani ya gunia la mama, ukalikojolea. Baadaye tukachangishana tukajenga dispensari. Sasa imekuwa hospitali, na mwezi jana tumefungua wodi ya uzazi.

Iko mahali chai yako ilikuwa. Kamati ilitafuta shamba lililopakana na dispensari, na ni lako tu. Nikang'oa chai. Sikukuuliza, kwa sababu ungekataa.

Najua hutaki tumtaje marehemu bibi yako. Lakini gari ilipokwama kwa matope tukimpeleka mjini kujifungua, wewe ulikuwa unasukuma. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika kichwa chake.

Wiki jana Wakonyo wa duka alijifungua kwa hiyo wodi. Alikuwa amevuja damu sana, wakamwokoa. Jana nimemwona akirudi nyumbani kwa miguu yake, mama mkwe amebeba mtoto, wakapita mbele ya mlango wako wakicheka.

Kama umekasirika, njoo unikasirikie hapa. Nyumba yako nimeifagia.

Dada yako mkubwa,
Chepng'etich