Ndiyo Niliyomwambia Petra

Nyumba ya 14, upande wa kijito,
Yaltarra, Arnhem.
7 Julai 2018.

Mpendwa mwanangu Noelene,

Pokea salamu zangu, na kabla sijasema lolote niambie kwanza mwili unaendeleaje. Mashine ya kusafisha damu huko mjini bado ni siku tatu kwa wiki, au wamekuongezea? Miguu imepungua kuvimba? Unakula? Huku sisi wazima wa kujikongoja. Upepo wa kiangazi umetukausha midomo na kifua changu kinabana asubuhi. Binti yako Shanelle hajambo, jino la mbele limeng'oka na amelionyesha kila mtu, hadi polisi.

Mwandiko wangu unaujua, niliishia darasa la nne. Soma polepole unisamehe.

Nyumba ya bibi yako bado imefungwa tangu msiba. Tuliifukiza moshi, tukafagia nyayo zake uani, picha tukazigeuzia ukuta. Jina lake hakuna alitajaye. Yule mama muuza duka aliyeitwa kama yeye sasa tunamwita Dukani tu, naye anaitika. Najua inakuuma kwamba hukuja kuzika. Hakuna anayekulaumu, mwanangu.

Sasa nikueleze lililonikaa kooni.

Unamkumbuka Petra, yule mzungu msomi wa lugha ambaye bibi yako alimfanya mjukuu. Huu mwaka wa tatu anaandika kitabu cha lugha yetu kwa ajili ya watoto wa shule. Bibi yako akichoshwa na maswali alikuwa ananisukumia mimi, nami lugha naisikia yote, ila kuisema ni nusunusu. Petra anatunga sentensi zake kwenye daftari, ananisomea, kisha anauliza, "Mama mdogo, hivi inasemeka?" Nasema ndiyo. "Na hivi?" Ndiyo. Wewe umelelewa hapa, unajua. Mgeni ametoka mbali, amekaa juani, anakutazama usoni anataka jambo, utamwambia hapana? Unamwitikia mpaka aridhike anywe chai yake. Nilidhani na yeye anajua kwamba ndiyo ya namna ile ni kama kumsogezea mtu kiti.

Kumbe kila ndiyo aliiandika.

Mwezi uliopita alipeleka kurasa za mwanzo shuleni. Shanelle akaja nazo barazani, akazisoma kwa sauti mbele ya mjomba wako Selwyn na mkewe Rhonda. Ukurasa wa tatu umechorwa msichana anampa kaka yake samaki, anamwambia usoni kabisa, "Kaka, njoo ule." Nilitamani ardhi ipasuke. Dada kumkabili kaka yake hivyo! Mimi na Selwyn tumezeeka, na tangu nilipovunja ungo hatujatazamana machoni wala kusemezana. Selwyn aliweka kikombe chini, akamgeukia mbwa. "Nani kamfundisha mtoto huyu matusi?" akamuuliza mbwa. Akaondoka. Na chini ya ukurasa limeandikwa jina langu, kwamba shahidi ni mimi.

Nilimfuata Petra nikamwambia yote. Hakukasirika, ila chai yake aliiacha ikapoa. Kisha akasema, "Mama mdogo, juzi ulisema ndiyo, leo unasema hapana. Nishike lipi?"

Nikamwambia, "Uliniuliza kama mdomo unaweza kulisema. Hukuniuliza kama yupo aliyewahi kulisema."

Akajifunika uso. Alinieleza kwamba katika elimu yao, neno alilolisema mtu bila kuulizwa, akiwa na shughuli zake, lina uzito kuliko ndiyo mia za kuulizwa. Hilo alilijua tangu mwanzo, akafanya haraka. Tulipopekua daftari, nusu ya kitabu imesimama juu ya ndiyo yangu peke yake. Mengine ni sawa, mengine siyo, na mimi siwezi kuyachambua yote. Wa kumuuliza tumemzika.

Ila ipo rekodi moja. Siku tuliyokwenda kijitoni kuchimba viazi mwitu, Petra aliwasha chombo chake akakisahau kapuni. Bibi yako aliongea kutwa nzima. Mara anagombeza mbwa, mara anamsema Rhonda kwa uvivu, na kaka yake bibi, ambaye naye sasa ni marehemu, amekaa pembeni kampa mgongo. Bibi yako anamwambia mbwa, "Samaki huyu nani atamla, mimi nimeshiba," ili kaka mtu asikie aje achukue. Ndivyo dada anavyomlisha kaka. Petra anasema sauti ile inatosha kukinyoosha kitabu. Lakini tangu msiba hajaifungua, na bila idhini yetu haifungui.

Kitabu kinakwenda kupigwa chapa mwisho wa Agosti. Waliomtuma hawangoji mwaka mwingine. Kisipokwenda, basi tena. Kikienda kama kilivyo, Shanelle na wenzake watajifunza lugha isiyosemwa na mtu, na mwalimu wao ni mimi.

Nilimpelekea Selwyn maneno kupitia kwa Rhonda. Alikaa amenipa mgongo. "Mwambie huyo," akamwambia mkewe, "sauti ya maiti haiitwi kabla ya miaka miwili. Atainuka, atazunguka anamtafuta aliyemwita."

Rhonda naye unamjua. "Na wajukuu wakitukanana kwa kitabu chenye jina la ukoo wenu, huyo mama yako ndiyo atalala?"

Selwyn aliinuka akaondoka. Kesho yake alisimama nje ya uzio, akaongea na mbwa. Alisema aliyelelewa kifuani pa marehemu ni Noelene. Noelene akikubali, yeye hatazuia. Akikataa, rekodi ikazikwe.

Kwa hiyo jambo liko mikononi mwako. Ninachotaka mimi nakificha, maana nikikitaja utaitikia. Lakini ujue kwamba humo ndani anakutaja wewe, jinsi alivyokubeba mgongoni ulipougua surua. Ukikubali, utaletewa uisikie wa kwanza, na utakuwa umelala hapo, mrija mkononi, mimi sipo. Hilo naliogopa kuliko kitabu.

Na lingine, mwanangu. Kila nikipiga simu nikakuuliza hali, unasema, "Vizuri, mama." Ndiyo hiyo naijua, niliyekufundisha ni mimi. Jumanne iliyopita tulipoagana ulidhani umekata simu, haikukatika. Nilikusikia unamwambia shangazi yako Dulcie kwamba juma lililopita umekwenda kwenye mashine mara moja tu, na hizo nyingine hutaki tena. Hukuwa umeulizwa na mtu. Ndiyo maana nimeamini.

Basi nijibu mambo mawili, la bibi na la mashine, na usinisogezee kiti. Ukisema hapana sitakasirika.

Nisalimie Dulcie, mwambie nashukuru kwa kukufulia. Selwyn na Rhonda wanakusalimu. Shanelle amekuwekea lile jino ndani ya bahasha, usilitupe. Mungu na wazee wetu wakulinde njia ya kwenda na ya kurudi.

Ni mimi mama yako, nikupendaye hata ukinikatalia,

Lenora