Tawi Lisilo Mahali Pake

Jumatatu, 4 Machi

Ratiba ya kongamano imebandikwa mlangoni pa hifadhi ya mimea mikavu. Mhadhara mkuu: nasaba ya mimea vimelea itoayo maua. Mhadhiri: Mkuu wa idara, yaani mume wa dada yangu. Mchoro uliochapwa ni mti wangu wa nasaba, tawi kwa tawi – hata rangi hakubadilisha! Mimi nimewekwa chini kabisa, miongoni mwa wanaoshukuriwa kwa kukausha sampuli.

Kukausha!

Nilirudi mezani, nikaendelea kubandika majani makavu kwenye karatasi.

Jumanne, 5 Machi

Alichochukua ni rasimu ya mwaka jana, nayo ina kosa. Ua jekundu tunalolichunguza, lisilo na jani wala shina, limewekwa katika ukoo wa mizabibu. Ndivyo jeni niliyotumia ilivyoonyesha. Lakini ua hilo huishi ndani ya mizizi ya mzabibu-pori na kunyonya kila kitu humo, pamoja na jeni hiyo, ambayo kumbe ni ya mzabibu. Nilimsoma mwenyeji nikidhani namsoma mgeni. Baadaye nilipima jeni nyingine, zile ambazo ua limezirithi kwa wahenga wake: zote zinaliweka pamoja na mihogo na minyonyo. Matokeo hayo hayamo katika kompyuta ya idara. Yamo nyumbani kwangu.

Nitauliza ukumbini. Swali moja tu, kwa adabu kamili.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji amepita chumbani kwangu, mikono mfukoni. Eti hujambo shemeji, mbona siku hizi umenuna kama mkaguzi? Kisha, akitazama dirishani: lile tawi la mizabibu, una hakika nalo?

Neno moja lingemwokoa.

“Mti ni wako, shemeji,” nikamwambia. “Mwenye hakika ni wewe.”

Akacheka. Nami nikacheka – vizuri kuliko yeye.

Ijumaa, 8 Machi

Dada amepiga simu. Ameuona mchoro, akautambua; aliuona ukutani kwangu tangu ukiwa wa penseli. Anasema mumewe hatapata usingizi mpaka haki yangu irudi. Nikamwomba asijiingize. Akasema, mdogo wangu, wewe nyamaza, umezoea kuonewa, hili niachie mimi. Tena kesho atakaa mstari wa mbele.

Sikuweza kumweleza kwa nini asijiingize. Hilo linaniuma. Si sana.

Jumamosi, 9 Machi

Ukumbini. Naandikia gotini. Shemeji anazungumza vizuri, sina budi kusema. Unyonyaji, anasema, haukuzuka mara moja tu. Koo zisizohusiana ziliufikia kila mmoja kwa njia yake, hivyo sura zisituhadae. Maneno yangu. Dada amegeuka, ananikonyeza. Ananikonyezea nini?

Sasa mti. Umejaa skrini nzima.

Chini yake, kwa herufi kubwa: jina langu. Langu pekee! Shemeji anasema kazi yote hii, hasa tawi la mizabibu, ni ya shemeji yake. Yeye ni msimulizi tu. Makofi. Dada anapangusa macho.

Shemeji alikwisha kulijua kosa? Au ni dada tu, na usiku mmoja wa kumsumbua? Uso wake hausomeki.

Mwenyekiti anauliza kama kuna maswali.

Mkono wangu wa kushoto umekwisha kupanda. Watu wanageuka, wanatabasamu. Wanadhani nataka kushukuru.