Sisimizi kwenye nepi ya Yunes

Sabri, weka hiyo chai chini usome. Niko nje ya hospitali ya Sohag.

Mjukuu wangu Yunes, wa binti yangu Nagat, ana kisukari. Kitoto cha juzi, Sabri. Kisukari, kama kilichomuua marehemu mke wangu. Wamemjaza mirija.

Unakumbuka sisimizi walivyojaa kwenye nepi zake? Nilimwambia yule daktari wa zahanati. Akacheka. "Gesi hiyo, Haji. Mpeni maji ya kisibiti, mtilie na sukari."

Tukamtilia sukari. Sukari, Sabri.

Daktari wa hapa, binti mdogo, amenieleza taratibu. "Haji, kuna jeni inayoamuru chembe za insulini ziote kwenye kongosho. Ya Yunes ni mbovu, kwa baba na kwa mama. Hazikuota. Wazazi wana undugu?"

Nikamwambia ni watoto wa ndugu. Mimi na kaka tulibadilishana, binti yangu kwa mwanawe, binti yake kwa mwanangu Hamdi.

Akauliza, "Mke wa Hamdi ana mimba?"

Samah anakaribia kujifungua, Sabri.

"Waje wapimwe damu leo."

Leo! Na yule daktari wa vipimo vya kabla ya ndoa aligonga mhuri kwenye vyeti vyao bila kumchoma mtu sindano.

Nimepiga simu, kapokea Samah. "Baba, mbona sauti yako hivyo?"

Nimemwambia waje kumwona Yunes. Kwamba damu inayotakiwa kupimwa ni yake yeye na Hamdi, nimeshindwa kumwambia.